Miguuni pa Mwanamke wa Kirumi

Siku moja kabla ya kwenda hospitali kubadilishwa nyonga, jirani yangu aligonga ukuta mara mbili. Nyumba zetu hapa Northfield, mtaa wa Birmingham, zimeshikana ubavu kwa ubavu, na kwa miaka ishirini tumezungumza kwa ukuta ule. Fimbo yake ikigonga mara moja, amejikwaa tu kwenye kiti. Ikigonga mara mbili, ananihitaji. Nilijitanda mtandio, nikatoka mlango wa nyuma, nikapita pale uzio ulipoanguka zamani na hakuna kati yetu aliyetaka usimamishwe tena.

Nilimkuta amekaa na mkoba wake miguuni, umeshafungwa. Koti alikuwa ameshalivaa, ingawa gari la kumchukua lilikuwa la kesho asubuhi.

"Kaa, bab," aliniambia. Ndivyo wazee wa Birmingham wanavyomwita kila mtu: mtoto, mkubwa, dereva wa basi. Mimi ni bibi wa wajukuu saba na sijawahi kulikataa jina hilo.

Alinitazama sikioni. Macho yake yamekufa katikati, anaona pembeni tu, kwa hiyo akitaka kuuona uso wako inambidi akuangalie sikio. Wageni hudhani anazungumza na mtu aliyesimama nyuma yao.

"Kesho watanivua kila kitu," alisema. "Pete, saa, meno. Hii sitaki waivue. Ikae kwako."

Akatoa kikopo cha tumbaku cha marehemu mumewe. Nilijua kilichomo kabla hajakifungua. Juu ya pamba ilikuwepo ile sarafu ya fedha ya Warumi, ndogo kama peni tano ya hapa, nyembamba, nyeusi karibu yote, imemegeka kidogo ukingoni. Mumewe aliipata akichimbua viazi katika shamba dogo walilokuwa wakilikodi, zamani sana, kabla sijahamia mtaa huu. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha mwanamke, nywele zimesukwa na kuzungushwa utosini kama ngata ya kubebea mtungi. Mtu wa makumbusho aliitazama juu ya meza yake ya mapokezi, akamwambia mume kwamba huyo ni mke wa mfalme wa Kirumi. Alifariki akamwacha mumewe hai, na mfalme akaamuru sura yake ipigwe kwenye fedha ili watu wasimsahau.

Upande wa pili kulikuwa na mwanamke mwingine, mzima, amesimama. Siku ya kwanza jirani yangu kunionyesha, miaka mingi nyuma, alinishikia karibu na pua. "Tazama, ni wewe huyu," alisema. "Kajifunika kichwa na mikono yote miwili juu, anaomba." Nilicheka, nikamrudishia haraka.

Miguuni pa huyo mwanamke palikuwa na kivimbe, kitu cha ukubwa wa punje ya mtama. Mume alisema ni kuku. Mke alisema ni madhabahu. Walibishana juu ya kivimbe hicho maisha yao yote ya ndoa, na nilipokuwa ninakwenda kunywa chai kwao niliwasikia kwa masikio yangu.

"Kuku anafanya nini kwenye maombi?" mke alikuwa akisema.

"Amekuja kuomba mtama," mume alijibu. "Kila mtu ana haja zake."

Niliwahi kuwauliza kwa nini hawakumuuliza yule mtu wa makumbusho. Mume alinitazama kama niliyependekeza wauze nyumba. "Halafu tuzungumze nini wakati wa chai?"

Sasa mume alikuwa na miaka sita kaburini, na mjane wake alikuwa ameishika sarafu kati ya kidole gumba na cha shahada, akiipapasa taratibu. Alikuwa akifanya hivyo kila nilipomkuta peke yake. Kwa macho hakuweza tena kuona kitu hicho, ila kidole chake kilijua mikono ilipo na kichwa kilipo.

"Kidole kinaniambia leo kuku, kesho madhabahu," alisema. "Wewe una macho. Mtoe kwenye mwanga, umtazame vizuri, uniambie nikirudi. Nataka kujua nani alikuwa sahihi. Nikimfuata mume wangu, swali lake la kwanza litakuwa hilo. Siamini sana kwamba kuna huko nitakakomfuata, lakini kama kupo, sitaki nifike sina jibu."

"Inshallah," nilimwambia.

"Hiyo inshallah ni ndiyo, au ni ile uliyompa muuza madirisha ili aondoke?"

"Ni ndiyo."

Akakifunga kikopo, akakiweka katika kiganja changu, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja. Alikuwa na miaka themanini na minne. Sote wawili tulijua kwamba wapo wanaoingia kupasuliwa na hawatoki, na hakuna aliyelitaja.

Nilipofika kwangu nilikitia kikopo kwenye droo ya jikoni, chini ya vitambaa vya kukaushia vyombo. Sikukiweka chumbani ninamoswali. Nimelelewa katika nyumba isiyo na picha ukutani hata moja; baba yangu, Mungu amrehemu, alinisomesha kitabu kwanza na kusuka ukili baadaye, na jambo la sanamu na picha nililijua kabla sijajua kuhesabu hadi mia. Nilijua pia, na nimewafundisha wanawake wanaokuja kusoma kwangu, kwamba wanazuoni hawakuona ubaya mtu kuwa na sarafu yenye sura mfukoni. Waumini wa mwanzo walinunua na kuuza kwa fedha za Warumi na za Waajemi, zenye nyuso za wafalme, kabla hawajawa na zao. Mambo hayo nayajua kwa dalili zake. Lakini kujua ni kitu kimoja, na moyo uliofinyangwa utotoni ni kitu kingine. Nilipoifungua ile droo kuchukua kitambaa nilijisikia kama kuna mgeni mle ndani ambaye sijamkaribisha.

Kwa hiyo siku ya kwanza sikumtazama. Wala ya pili. Nilisema nitamtazama Ijumaa, kwa utulivu. Ijumaa wakaja wajukuu.

Operesheni ilikwenda salama, Alhamdulillahi, ila walimweka kwa ajili ya mazoezi ya kutembea, na wiki moja ikawa tatu. Nilikwenda kumwona mara mbili, na mara ya pili nilimpelekea supu kwenye chupa ya chai. Alionja, akaonja tena.

"Huyu ndiye kuku wa kwenye sarafu?"

"Huyu ni wa bucha la Stratford Road," nilimwambia.

"Na yule mwingine? Umeshamwona?"

"Bado."

"Hana haraka," alisema, akinitazama sikio. "Lakini mimi ninayo kidogo."

Maneno hayo nilirudi nayo kwenye basi. Nilikuwa nimepewa amana yenye kazi ndani yake, na kazi hiyo ilikuwa ya kukodoa macho tu, dakika tano, na nilikuwa nimeshindwa. Hata hivyo wiki ile nayo ikapita. Kisha Jumanne binti yake alinipigia simu kutoka mji mwingine anakoishi, akaniambia mama anarudi Alhamisi, je, ningeweza kumwashia hita ya nyumba. Nilisema nitawasha. Nikaenda kwenye droo.

Ninayoandika sasa ndiyo mazito, nami nitayaandika jinsi yalivyokuwa.

Kwetu Unguja, mama yangu alikuwa na sharti moja juu ya vitu vya watu. Ukiazima sinia, lirudishe linang'aa kuliko lilivyokuja. Hata kama lilikuja na masizi ya miaka, wewe lisugue, kwa sababu mwenye sinia atakapolipokea atajua kwamba kitu chake kilikaa kwenye mikono iliyokiheshimu. Nimeazima na kurudisha namna hiyo maisha yangu yote, na sikupata kusikia mtu akilalamika. Nilipoitoa ile sarafu kwenye pamba Jumanne ile, nikaiona jinsi ilivyo nyeusi, niliona haya. Nilijiambia pia jambo lingine, na lilikuwa na maana kabisa: ikisafishwa, kile kivimbe cha miguuni kitaonekana wazi, na nitakuwa na jibu la hakika. Kazi mbili kwa mkono mmoja.

Ndimu ninazo daima. Kila Jumamosi nikienda Sparkhill kusomesha wanawake, hurudi na mfuko wa zile ndogo za kijani, si malimau. Nilikamua tatu kwenye bakuli, nikatia bangili zangu za fedha nilizopewa harusini, na pamoja nazo nikaitia sarafu. Nikaenda kuswali adhuhuri. Baada ya sala nikakaa na nyiradi zangu, kisha nikala. Niliporudi kwenye bakuli maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nikachukua majivu kutoka kwenye chetezo changu cha udi, majivu laini kama poda, nikayatia kwenye kitambaa chenye unyevu, nikaanza kusugua kama mama alivyonifundisha, kwa mzunguko, bila kukandamiza.

Bangili zilitoka nyeupe. Sarafu nayo ikaanza kuachia weusi wake, vipande vidogo, kama maganda ya kitunguu kilichokauka. Nilifurahi. Nadhani nilikuwa nikisoma kaswida kwa sauti ya chini. Nikageuza upande, nikasugua, nikageuza tena, nikaisuuza chini ya bomba, nikaenda nayo dirishani.

Ilikuwa inang'aa, na haikuwa na kitu.

Niligeuza. Upande wa kichwa palibaki kivuli, kama doa linalobaki mezani ukiinua kikombe cha moto. Upande wa pili, pa yule aliyeinua mikono, palikuwa laini kama ukucha. Nilivaa miwani. Nikavua, nikaifuta, nikavaa tena. Nilirudi kwenye bakuli nikachungulia yale maji meusi, kana kwamba atakuwa amedondokea humo mzima mzima na ninaweza kumtoa kwa kijiko.

Sijui nilisimama kwa muda gani. Mikono yangu ilikuwa na majivu. Najua tu kwamba baadaye nilitia udhu upya na kuswali rakaa mbili, na katika sijida nilimwomba Mwenyezi Mungu anisaidie, kisha nikatambua ninachokiomba nikaona haya mbele yake. Mimi, niliyekataa kuiweka picha ile chumba kimoja na msala wangu, nilikuwa nimeweka paji la uso chini namwomba Mola airudishe.

Na kuna swali lililoanza pale pale kwenye msala, nami sijaweza kulijibu hadi leo. Je, mkono ulisugua kwa heshima peke yake? Au ulikuwa na furaha yake nyingine, ya kuona sura ikifutika? Nimewafundisha wengine miaka mingi kwamba kazi ya kwanza ya mja ni kuijua nia yake. Nimeitafuta yangu ya Jumanne ile, sijauona mwisho wake.

Jioni alikuja binti yangu wa mwisho. Huyu alizaliwa hapa, Kiswahili anakielewa chote, ila akikujibu huchanganya. Aliishika sarafu chini ya taa, akaigeuza mara tatu.

"Mama," alisema hatimaye, "ume-scrub mtu wa miaka elfu mbili kama sufuria ya ubwabwa."

"Nilitaka iwe safi."

"Ni safi. Hilo hakuna atakayekubishia."

Kisha aliona uso wangu, akaacha mzaha, akatoa simu yake. Alisema sarafu kama hiyo haikuwa moja duniani, zilipigwa nyingi, picha zake zitakuwepo. Na kweli zilikuwepo. Tulikaa mezani hadi chai ikapoa, akinionyesha moja baada ya nyingine: malkia yule yule, nywele zile zile, na upande wa pili mwanamke aliyejitanda. Katika moja alikuwa na madhabahu miguuni. Katika nyingine alikuwa na ndege, si kuku, ndege wa miguu mirefu kama korongo. Katika nyingine mtoto. Katika nyingine hapakuwa na kitu kabisa. Wengine waliinua mikono yote miwili, wengine mmoja tu, na mwingine alishika kijisanduku.

"Ni ipi?" binti yangu aliuliza. "Unakumbuka nini? Chochote."

Nilifumba macho nikatafuta. Na hapo ndipo nilipojua kwamba jambo lilikuwa baya kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimemwona mwanamke yule mara kumi, labda zaidi, na sikuwahi kumtazama. Nilimwona kama unavyomwona mume wa mwenzako mlangoni: unajua yupo, unamsalimu kwa adabu, na macho unayateremsha. Kwamba alijitanda na aliinua mikono, hayo niliyajua kwa sababu jirani yangu aliniambia. Hata Jumanne ile, kabla ya kuitia kwenye ndimu, niliitazama nikaona uchafu tu.

"Mwambie ni altar," binti yangu alisema. "Ndivyo alivyokuwa anataka yeye. Atafurahi."

"Na marehemu?"

"Marehemu hata-complain, Mama."

Asubuhi, siku ya Jumatano, nilipanda basi hadi mjini na jingine hadi Hockley, ambako kuna mafundi wa fedha na dhahabu katika vyumba vya juu, ngazi nyembamba, harufu ya mafuta ya mashine. Niliuliza milango mitatu, wa tatu wakanielekeza kwa mzee mmoja aliyekuwa na kioo cha kukuzia kimekaa juu ya paji la uso kama jicho la ziada. Alikiteremsha, akaitazama sarafu mbele na nyuma.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa chafu."

Alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyagwa kidole na hataki kusema. Kisha alinieleza kwa upole, na ninamshukuru kwa upole ule. Alisema fedha ikikaa ardhini muda mrefu namna hiyo huoza kwa nje, na umbo lake huhamia ndani ya ule uozo. "Weusi haukuwa juu ya picha, mama," alisema. "Weusi ndio uliokuwa picha."

Nilimuuliza kama kuna dawa, mashine, mwanga wowote wa kuonyesha kilichokuwepo. Alisema huenda makumbusho wakaona kivuli cha kichwa, lakini upande wa pili hapakuwa na kilichobaki cha kuonyeshwa. Aliiweka kwenye kijitambaa. Nadhani niliendelea kusimama pale bila kuondoka, kwa sababu baada ya muda aliuliza, "Ni ya nani?"

Nilimweleza yote: nyonga, macho, kidole gumba, kuku, madhabahu.

"Kwa hiyo haoni. Anapapasa."

"Ndiyo."

Aligeukia meza yake, akachagua kipatasi chembamba kama sindano. "Basi nikuchoree. Mikono miwili juu, na kitu miguuni. Kuku, ukitaka. Dakika ishirini. Sitakutoza kitu. Hatajua."

Neno ndiyo lilikuwa limeshafika mdomoni mwangu. Nasema hivyo ili asije mtu akadhani nilikuwa na nguvu. Niliwaza kidole kile kikifika pale na kukuta mikono, na uso wa jirani yangu ukilegea. Niliwaza pia kwamba angekufa na jibu hilo. Angelibeba huko anakokwenda, kama kupo, amwambie mumewe, "Ulikuwa sahihi, ni kuku," na kuku huyo atakuwa ametengenezwa Hockley Jumatano moja ili mimi nisione haya. Nilimshukuru fundi. Nikaifunga sarafu kwenye kitambaa. Aliposema, "Una hakika?" nilimjibu kwamba sina, na kwamba naomba anifungulie mlango kabla sijabadili mawazo.

Kwenye basi la kurudi nilipanga maneno. Nilipanga kwa Kiswahili, nikayageuza kwa Kiingereza, yakawa mepesi mno. Nikayarudisha kwa Kiswahili, yakawa mazito mno. Sikupata yenye uzito wa kati.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Niliwasha hita ya nyumba, nikamwekea maziwa na mkate. Saa nane gari lilimleta, akaingia na kile kitembezi cha miguu minne, akitukana vizingiti. Watu wa gari walipoondoka alikaa kwenye kiti chake, akavuta pumzi, akanyoosha kiganja.

"Haya, bab. Lete."

Maneno yote niliyoyapanga yalipotea. Nilimpa kikopo. Alikifungua mwenyewe, akatoa sarafu, akaiweka kati ya vidole. Kidole gumba kilikwenda mahali pake kwa mazoea, kikasimama. Kikazunguka. Kikarudi katikati.

"Umenipa kwa upande usio wenyewe," alisema, akaigeuza.

Nilikuwa nimesimama. Sikuweza kukaa wala kutoka.

"Hakuna mtu," alisema.

Ndipo nikamweleza. Ndimu, majivu, sinia la mama yangu, yule fundi na kipatasi chake. Sikuacha kitu, hata lile neno ndiyo lililofika mdomoni. Alisikiliza huku akinitazama sikio, na kidole hakikuacha kutembea.

"Ule weusi," alisema, "nusu yake ulikuwa kidole cha mume wangu. Alikuwa akiishika kila siku baada ya kazi, mikono ina grisi. Nilikuwa nikimgombeza."

Nilisema samahani. Kwa Kiingereza neno hilo ni fupi, na watu wa hapa hulitumia hata wakikupita dukani. Nililisema kwa Kiswahili pia. Alitikisa kichwa kidogo, si kukataa, si kukubali.

"Sawa," alisema. "Ameondoka. Lakini ulikuwa naye wiki tatu kabla ya hapo. Ulimwona. Kwa hiyo niambie."

Nilijua kwamba ndilo swali, na kwamba yale mengine yote yalikuwa njia ya kulifikia.

"Sikumtazama," nilimwambia.

"Wiki tatu?"

"Wiki tatu."

"Kwa sababu ya dini yako?"

Ningeweza kusema ndiyo na akanielewa. Ni mtu wa heshima, asingeuliza tena. "Hapana," nilisema. "Dini ilikuwa imeniruhusu. Ni mimi."

Alilaza kichwa kwenye kiti. Mvua ilikuwa ikigonga kioo. Nilimwona amezeeka, mdogo ndani ya koti lake, na nikajua kwamba mimi ndiye mtu wa mwisho aliyekuwa na macho mazima mbele ya kitu kile, na niliyateremsha.

"Basi chagua," alisema. "Kuku au madhabahu. Wewe ni mtu wa sala, nitalipokea utakalosema. Moja tu."

"Siwezi kushuhudia nisichokiona."

"Sikuombi ushahidi wa mahakamani, bab. Nakuomba kuku."

"Hata kuku siwezi."

"Hata kwa ajili yangu?"

Nilitaka kumpa. Mungu ni shahidi yangu kwamba sijawahi kutaka kumpa mtu kitu kama nilivyotaka kumpa kuku yule. Nilisimama mbele yake mikono mitupu, na hapakuwa na kitu hata kimoja ambacho ningeweza kukifanya. Kukinunua nisingeweza, wala kukipika, wala kukisafisha. Nilisema, "Hata kwa ajili yako."

Aligeuza uso kwenye dirisha, au pale dirisha lilipokuwa kwake, pembeni mwa macho. Sarafu aliishika bado, kidole gumba juu yake, hakitembei tena. Nilisubiri aniambie niende zangu. Hakuniambia. Nilivuta kiti, nikakaa. Nilisoma moyoni kila nilichokijua cha kusomwa na mtu aliyekosa la kufanya, na vingine nikavirudia. Chai niliyokuwa nimeitengeneza ilipoa mbele yetu ikafanya utando, na hakuna aliyeigusa.

Ilikuwa karibu na alasiri aliposema tena. Hakunigeukia. Aliniuliza, kwa sauti ya kawaida, kama mvua bado inanyesha.

Niliinuka, nikaenda dirishani, nikasogeza pazia, nikatazama vizuri kabla ya kumjibu.